Vidonge Ambavyo Daktari Hakuambiwa

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Nakuletea salamu za kujaza begi na nyingine za kubeba mkononi. Hujambo huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tunavuta pumzi, ila mimi navuta kwa shida kidogo, na ndicho kilichonikalisha chini na kalamu. Shangazi yako anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda. Usimjali, machoni pake hata mimi nilikonda siku niliyozaliwa.

Sasa bila kuuma maneno. Kile kikohozi si vumbi la nywele kama nilivyokuwa nakudanganya na kujidanganya. Wamenipiga picha, wakaniingiza kwenye mashine kubwa, wakanitoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Ni saratani ya mapafu. Iko upande wa kulia na imeshaanza kuwapigia hodi majirani. Sigara niliziacha mwaka uliozaliwa wewe, nikadhani tumeachana kwa amani. Kumbe mwenzangu aliacha mizigo ndani.

Daktari wangu ni mama mdogo mdogo, mpole, haogopi kusema. Amesema nitawekewa dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu. Haziniponyi, ila zikikubali zitaninunulia muda. Nikamuuliza, muda kiasi gani? Maana binti yangu mkataba wake unaisha Oktoba, nami nataka nimpokee nikiwa nimesimama. Akafikiri, akasema dripu zote sita zikiingia kwa wakati, Oktoba inawezekana. Basi mimi nimeishika hiyo Oktoba kwa mikono miwili.

Kuhusu simu, nadhani umeona mwenyewe juzi. Mimi nakohoa, wewe unalia, inakatika hakuna lililosemwa. Tuandikiane. Barua haikohoi.

Ah, na nywele zitaondoka zote. Miaka arobaini na mbili natoa vichwa vya watu nywele, sasa zangu zinaondoka zenyewe, hata mashine sijawasha. Watanicheka mtaa mzima.

Ni mimi baba yako,
Kinyozi

21 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Shangazi mpe shikamoo yake, mwambie nakula mpaka naona aibu.

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye chumba cha pasi. Unakumbuka nilikueleza ile mashine ya mashuka ya hoteli, ndefu kuliko vitanda viwili? Tunasimama wawili, huyu analisha shuka, yule analipokea. Nililisha shuka moja mara tatu, silioni. Msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia ndiyo, nimeungua.

Baba, naomba kitu kimoja. Mama alipougua mliniambia ni homa tu. Nikabaki bwenini najisomea, siku niliyoitwa nyumbani nikakuta viti vimepangwa nje. Sijawahi kuwalaumu kwa sauti, ila leo nalaumu. Usinifiche tena. Lolote, hata liwe baya kiasi gani, niambie mimi.

Kuna dada wa zamu yangu, mjomba wake alikuwa na ugonjwa kama wako. Alipewa hivi vidonge ninavyokutumia kwenye kopo, akawa anavimeza huku anawekewa dripu, na hata kichefuchefu hakukijua. Ni majani na mizizi mitupu, hakuna kemikali, kwa hiyo haviwezi kumdhuru mtu. Meza viwili asubuhi na viwili jioni. Ila tafadhali usimwambie daktari. Dada anasema madaktari wakisikia mitishamba wananuna, na dripu wanaweza kukusimamishia. Tusiihatarishe Oktoba yetu.

Nakaa huku mikono imefungwa, baba. Niache angalau nikutibu kwa kopo.

Mwanao,
Chiriku

24 Machi

Chiriku wangu,

Pokea salamu za mzee asiye na nywele. Marahaba nyingi. Kopo limefika salama, na dripu mbili zimeshaingia.

Nikueleze palivyo, maana umeniomba nisikufiche. Chumba ni kirefu, viti kumi vya kuegemea vimeutazama ukuta wa kijani. Unakaa saa tano, dawa inadondoka, unaihesabu kama mtu aliyefungiwa nje anavyohesabu matone ya mvua. Siku mbili za mwanzo nzuri. Siku ya tatu hata harufu ya chai inanitimua jikoni. Shangazi yako ameudhika, anadhani nachukia upishi wake. Nimemwambia upishi wake niliuchukia zamani, hii ni dawa tu. Akanipiga na kitambaa.

Lakini wana akili hawa. Daktari amenituma kwenye chumba cha pembeni, kuna mama tunamwita Mwalimu wa Pumzi. Fikiria, mwanangu, mtu ana ajira ya kunifundisha kuvuta pumzi, kazi niliyoifanya miaka sitini na saba bila mwalimu. Anasema vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa kwa mdomo uliobanwa kama wa kupiga mluzi ukihesabu nne. Nikamwambia, mama, hivyo ndivyo ninavyopuliza nywele shingoni mwa mteja! Akacheka mpaka akakaa. Ila inasaidia. Ngazi za nyumbani nilikuwa nazipanda kwa vituo vitatu, sasa kimoja. Halafu anakanda miguu kwa mafuta, na hapo ndipo utawasikia wanaume wazima wanakoroma. Yupo pia bwana wa visindano vyembamba kama unywele, anakichomeka kimoja karibu na kifundo cha mkono, kichefuchefu kinapungua. Tangawizi nayo nimeruhusiwa, kidogo kidogo. Hawa wote daktari anawajua.

Vidonge vyako ndivyo asivyovijua. Kabla ya kila dripu nesi anauliza, je, kuna dawa nyingine unatumia, ya duka, ya mitishamba, ya kupewa na mtu? Nikajibu hapana, uso mkavu. Wewe umekulia kwenye lile duka, unajua sheria yake. Kinachosemwa kitini kinafagiliwa pamoja na nywele. Nimefunika siri za waume na wake zao wote wawili, sembuse ya mwanangu. Lala usingizi.

Baba yako

7 Aprili

Baba,

Shikamoo! Nimeruka hapa kama mtoto. Ngazi kwa kituo kimoja! Nimemsomea dada wa zamu, naye amefurahi, anasema unaona sasa, ni vidonge hivyo. Na huyo Mwalimu wa Pumzi mpe salamu zangu, mwambie asimzoee sana kinyozi, ana maneno huyo.

Nimekutumia kopo la pili na la tatu pamoja. Dada anasema mwili ukishazoea unaongeza, kwa hiyo sasa vitatu asubuhi na vitatu jioni. Nimeanza kuulizia tiketi ya Oktoba. Nimeshachagua na nguo.

Mwanao mwenye furaha,
Chiriku

5 Mei

Mwanangu,

Salamu ziwe nawe, na mgongo wako usisahau kuupumzisha. Hapa tumepata mgomo. Mgomaji ni ini.

Dripu ya tatu iliingia tarehe kumi mwezi uliopita, sawa sawa. Baada ya hapo nikaanza kuwashwa mwili, na uchovu wa kulala nimevaa viatu. Mwishoni mwa mwezi najitazama kwenye kioo cha dukani naona macho yana rangi ya njano. Nikalaumu taa. Nikatoka nje na kioo cha mkononi, jua likasema si taa. Tarehe mosi nilikwenda kwa ajili ya dripu ya nne, wakapima damu, wakanirudisha. Wamesema ini limechafuka vibaya, dawa ikiingia sasa litakufa. Nisubiri litulie.

Daktari alitoka nyuma ya meza, akavuta kiti akakaa karibu nami kabisa. Akasema, mzee wangu, hii si kawaida kwa dawa hizi. Kuna kitu unakunywa ambacho sikijui? Nikamwambia hapana, binti yangu. Niliona anataka kuniamini, akaniamini.

Usiogope. Nimeongeza vidonge vyako viwe vinne kwa vinne, huenda ini linataka nguvu. Tumepoteza muda kidogo lakini Oktoba bado naishika.

Ni mimi,
Baba yako

15 Mei

Baba, baba yangu,

Shikamoo. Barua hii itakukuta umeshajua, maana nimevunja makubaliano yetu nikapiga simu. Ulikuwa umelala. Nimemwambia shangazi achukue makopo yote, afungie kabatini, asikupe hata ukimwimbia.

Hapa hotelini kuna nesi wa wafanyakazi. Nilipofika kwenye neno ini nikampelekea kopo nililobakiza. Alisoma maandishi ya nyuma, akauliza, mgonjwa huyu ini lake ni zima? Nikamwambia limechafuka. Akasema kuna majani yanayolichoma ini taratibu hata kwa mtu asiyeumwa, achilia mbali mtu aliye kwenye dripu za saratani. Akauliza daktari wake anasemaje. Nikasema hajui. Akauliza kwa nini hajui. Baba, nilikaa sakafuni.

Mwambie leo. Si kesho, leo. Ile siri naifuta, sikuwa na haki ya kukuomba uitunze. Mwambie ni mimi, mwambie binti yangu mjinga. Akikasirika anikasirikie mimi.

Na unijibu haraka. Niambie amesemaje, neno kwa neno.

Chiriku

30 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo sote. Nilimweleza daktari habari ya vidonge. Amevichukua akavitazama. Amesema havikuwa na madhara. Ini lilisumbuliwa na dripu yenyewe. Ameniambia nikuondoe wasiwasi. Dripu zitaendelea mwezi ujao. Fanya kazi yako vizuri.

Shangazi anakusalimu.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki. Hakuna utani hata mmoja. Hujamsema shangazi, hujamsema mtu. Wewe! Hata siku ya kumzika mama ulimwambia mchimba kaburi kwamba nywele zake zina njia mbili kama barabara.

Unanidanganya. Najua kwa nini, na bado inaniuma. Nilikuomba kitu kimoja tu.

Nakuuliza tena, na nitauliza mpaka unijibu. Ni vidonge vyangu vilivyokuharibu ini? Muda uliopotea, nimeupoteza mimi?

Mwanao

8 Julai

Baba,

Shikamoo. Wiki ya nne hii sina barua. Nilipiga simu Jumapili, shangazi akakuwekea sikioni, nikasikia pumzi tu. Mbili ndani, nne nje. Nikahesabu nawe mpaka laini ikakatika. Sikulia, uliona?

Nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia naondoka kabla ya mkataba. Akasema nikiondoka sirudi. Nikasema asante. Nafika tarehe ishirini na saba mwezi huu. Usisimame kwa ajili yangu. Nipokee hivyo hivyo ulivyo, hata umelala.

Mwanao anakuja,
Chiriku

17 Julai

Chiriku,

Salamu, mama. Naandika kwa mafungu, mstari halafu napumzika, kwa hiyo mwandiko ukiuona umelewa usiuseme.

Dripu ya nne iliingia kati ya Juni. Wakapiga picha nyingine, ugonjwa umevuka pafu la pili na umefika mifupani. Daktari amesema tusimamishe, sasa dripu itanichosha bure. Ameniacha na dawa za maumivu. Mwalimu wa Pumzi anakuja hapa nyumbani siku mbili kwa wiki, ananikanda na kunikalisha vizuri. Sauti nayo imeondoka, imebaki ya kunong'ona. Shangazi yako amefurahi mno, miaka yote alikuwa anangojea aongee yeye peke yake.

Swali lako sijalijibu. Si la kujibiwa kwa posta. Njoo.

Baba

4 Agosti, mchana

Baba,

Shikamoo. Utashangaa kupewa barua na mtu anayeishi nawe nyumba moja. Niko jikoni, wewe uko chumbani unasinzia, mlango uko wazi na miguu yako naiona.

Siku ya nane leo tangu nifike. Nimekulisha uji kwa kijiko, nimekugeuza, Mwalimu wa Pumzi amenifundisha kukukanda miguu na kukuwekea mito mitatu ili kifua kifunguke. Na kila siku nafungua mdomo nikuulize, naona unavyohangaika kuitafuta pumzi ya kunijibu, naufunga. Nimekuwa mwoga. Mimi ninayeitwa Chiriku.

Basi naandika. Ni mimi? Ukitaka andika ndiyo au hapana tu, kalamu nimekuwekea kwenye kikombe. Siwezi kuendelea kukukanda miguu nikiwa sijui.

Mwanao

4 Agosti, jioni

Mwanangu, damu yangu,

Salamu kutoka chumba cha pili. Nimekula kijiko cha uji cha tano kwa ajili ya kupata nguvu ya barua hii, kwa hiyo isome polepole.

Daktari alisema hivi, na sasa nakupa neno kwa neno. Vidonge ndivyo vilivyoliumiza ini. Ini lilipoumia, wiki sita zilipita bila dawa, na ugonjwa haukupumzika hizo wiki sita. Nikamuuliza, zisingepotea ningefika Oktoba? Akasema hajui. Pengine ningefika, pengine ningekuwa hapa hapa. Hakuna anayejua, wala hatajua.

Kwa hiyo ukiuliza ni wewe, ndiyo, sehemu ni wewe. Ningeandika hapana ungelala vizuri leo, halafu ungekuja kuujua ukweli mahali pengine ukiwa peke yako. Kwa mama yako tulikosea hivyo. Nikarudia kwenye ile barua fupi ya Mei. Sitarudia tena.

Sasa sikia sehemu yangu, ni kubwa kuliko yako. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Siku ile daktari alipovuta kiti akaniuliza, nilikuwa nimeshaona macho yangu kiooni, na kabla ya hivyo vidonge hayakuwa hivyo. Mtu mzima, nimesoma nyuso za watu maisha yangu yote, ningeshindwa kusoma uso wangu? Nilisema ni sheria ya duka. Uongo. Ile sheria ni ya siri za watu wengine, si ya mwili wangu. Ukweli ni kwamba kila nikifungua kopo nilikuona umesimama kwenye ile mashine ya mashuka, unanitibu. Nikasema nikiviacha nitakuwa nimekuambia umekosea, na uko mbali, huna wa kukushika. Nikaona heri nimeze. Nilipoongeza viwe vinne nilikuwa nabishana na kioo.

Daktari hakunigombeza nilipomwambia. Alisema tu, mzee, ungeniambia, tungekitafuta pamoja kinachofaa. Hayo ndiyo yaliyoniliza, nililia mbele yake kama mtoto.

Nimekusamehe, Chiriku. Nilikusamehe siku ile ile, nikashindwa kuandika kwa sababu kusamehe ni kukiri kwamba kuna kosa. Nawe unisamehe ile hapana niliyompa daktari. Iliniibia siku, na nyingine zilikuwa zako.

Nijibu. Usinijibu kwa machozi, siwezi kuyasoma.

Baba yako

5 Agosti, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma mara tatu, nikaisoma ya nne kwa sauti ili niisikie. Inauma kama ulivyosema, na imeniondolea mzigo ambao sikujua ni mzito kiasi hiki. Asante kwa kutonificha.

Jana nilikuja kukujibu nikakuta umeshalala, pumzi yako imetulia, nikaona nisikuamshe. Nilijua asubuhi ipo.

Nimekusamehe, baba. Naandika kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani. NIMEKUSAMEHE. Zile siku sizidai. Hizi tisa nimezipata, nilikuwa nazo, nilikuona ukitabasamu kwenye mito.

Nimeiweka karatasi hii mkononi mwako mara mbili, vidole havishiki. Nitaiweka juu ya kifua. Shangazi amesimama mlangoni amejishika kichwa, ananiambia niweke kalamu chini, watu wanakuja. Nimemwambia wasubiri, baba sijamaliza kumjibu.

Mwanao,
Chiriku